Kula kwa Saa, Kunywa kwa Kiu: Lishe ya Mbio Ndefu za Mazoezi Wakati wa Mvua

Utangulizi

Kidahwe ni njia panda. Barabara itokayo Kigoma mjini hupita Mwandiga na kufika Kidahwe, kisha hugawanyika: tawi moja huelekea Kasulu na Kibondo, jingine Uvinza. Kwa abiria wa gari huo ni mwendo mfupi. Kwa mkimbiaji anayejiandaa kwa marathoni, yaani mbio za kilomita 42.195, kipande hicho cha kilomita zaidi ya 30 ndicho kipimo kamili cha mbio ndefu ya juma.

Mvua za mkoa wa Kigoma huanza mwezi Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mkimbiaji akisubiri anga liwe jeupe, nusu ya mwaka itampita. Hivyo wengi hukimbia mvuani, na wengi huamini kwamba hali hiyo ni nafuu kwa sababu jua halichomi. Nafuu hiyo ipo, lakini ina hila ndani yake. Mvua hupunguza kiu bila kupunguza mahitaji ya sukari. Makala haya yanaeleza jinsi hila hiyo inavyofanya kazi, namna mkimbiaji anavyoweza kuikwepa, na jinsi mhudumu wa afya anavyopaswa kumpokea mkimbiaji aliyezidiwa.

Akiba ya mwili na urefu wa njia

Mwili huhifadhi wanga kwa umbo liitwalo glaikojeni. Mtu mzima aliyekula vizuri huwa na takribani gramu 100 katika ini na gramu 300 hadi 500 katika misuli. Kila gramu ya wanga hutoa kilokalori 4. Kwa hiyo akiba nzima ni kama kilokalori 2,000.

Kukimbia hugharimu takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita. Mtu mwenye kilo 60 akikimbia kilomita 35 atatumia kilokalori 2,100. Sehemu ya nguvu hiyo hutoka kwenye mafuta ya mwili, lakini kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo sehemu itokayo kwenye wanga inavyokuwa kubwa. Basi mkimbiaji aliyeondoka Kidahwe bila chakula cha njiani hukaribia Kigoma akiba yake ikiwa ukingoni. Miguu huwa mizito, fikra hupungua makali, na mwendo huanguka ghafla.

Katika mbio zinazozidi saa moja na nusu hupendekezwa kula gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Katika mbio zinazozidi saa mbili na nusu, watu waliokwisha kuyazoeza matumbo yao wanaweza kufika gramu 90, mradi wachanganye aina za sukari.

Jinsi mvua inavyomlaghai mkimbiaji

Wakimbiaji wengi hutia sukari yao katika kinywaji. Chukua mfano wa chupa yenye gramu 50 za sukari katika lita moja. Siku ya jua, mtu akinywa mililita 700 kwa saa hupata gramu 35. Siku ya mvua jasho hupungua na ngozi hupoa, kiu hutulia, naye hunywa labda mililita 250 tu. Sukari iliyoingia ni gramu 12 au 13. Hajavunja kanuni yoyote. Amekunywa kama mwili ulivyomtaka. Hata hivyo amekula theluthi moja ya chakula chake cha kawaida.

Wakati huohuo matumizi huongezeka. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takribani mara 25 kuliko hewa tulivu. Maadamu mtu anakimbia, misuli yake hutoa joto la kutosha. Sukari ikipungua, mwendo hupungua. Mwendo ukipungua, joto linalozalishwa hupungua, huku nguo zikiwa bado zimelowa na upepo ukivuma. Mwili huanza kutetemeka, na kutetemeka nako hutumia glaikojeni. Vidole hufa ganzi, mtu hushindwa kufungua kifungashio, na chakula alichobeba hubaki mfukoni. Hivyo upungufu mmoja huuzaa mwingine. Haihitaji baridi ya barafu: uchovu, nguo zilizolowa na upepo vinatosha kushusha joto la mwili hata katika nchi ya joto.

Mbio za Boston za mwaka 2018 zilionyesha jambo hili mbele ya dunia nzima. Zilikimbiwa katika mvua kubwa, upepo wa mbele na nyuzijoto chache tu juu ya sifuri. Mkenya Geoffrey Kirui, aliyekuwa ameshinda hapo mwaka 2017 kwa saa 2:09:37, aliongoza kwa tofauti kubwa hadi karibu na mwisho, kisha akapunguza mwendo na kupitwa na Yuki Kawauchi wa Japani. Alimaliza wa pili kwa saa 2:18:23. Wakimbiaji kadhaa mashuhuri hawakumaliza kabisa. Kigoma si Boston, lakini mwili wa binadamu ni uleule.

Kanuni na utekelezaji wake

Kanuni ni kutenganisha chakula na kinywaji. Kinywaji kifuate kiu; chakula kifuate saa. Utekelezaji wake ni kama ifuatavyo.

1. Kabla ya kuondoka. Mlo wa jioni uwe na wanga wa kutosha: ugali, wali, ndizi au viazi. Saa mbili hadi tatu kabla ya mbio, mkimbiaji anywe uji wenye sukari au ale viazi vitamu. Vyakula vyenye mawese mengi na karanga visubiri, kwa kuwa mafuta hukaa tumboni muda mrefu.

2. Njiani. Ale kidogo kila baada ya dakika 30, kuanzia dakika ya 30, hata kama hasikii njaa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina takribani gramu 25 za wanga. Kijiko kikubwa cha asali, gramu 17. Gramu 100 za kiazi kitamu kilichochemshwa, gramu 20. Chakula kimenywe na kukatwa nyumbani ili vidole vyenye ganzi visikwame.

3. Kinywaji. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vikubwa vinne vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi. Mchanganyiko huu usichukuliwe kuwa dawa ya kuhara, ambayo ina vipimo vyake. Maji ya vijito yasinywewe, kwani mvua huyachanganya na uchafu, na kipindupindu kimewahi kuua watu mkoani Kigoma, ikiwemo mwaka 2015.

4. Mavazi. Koti jepesi lisilopitisha maji, kofia, na nguo kavu zinazomsubiri mwisho wa safari au kwa mwenzake wa bodaboda. Zibadilishwe mara tu anaposimama.

5. Radi. Ngurumo ikisikika, aingie ndani ya nyumba au gari, kamwe si chini ya mwembe, na asubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

6. Baada ya mbio. Katika saa ya kwanza ale wanga wa kutosha pamoja na protini, kwa mfano ugali kwa dagaa au mgebuka, na anywe kitu cha moto.

Wanaoishi na maradhi

Mgonjwa wa kisukari hakatazwi kukimbia, ila mpango wake uandaliwe pamoja na kliniki yake. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari wakati wa mbio na hata usiku unaofuata. Kipimo cha dawa kisibadilishwe bila ushauri. Sukari ikiwa chini ya 5 mmol/l kabla ya kuondoka, ale kwanza gramu 10 hadi 20 za wanga. Anapopima njiani, kidole kioshwe na kukaushwa: asali au soda iliyobaki kwenye ngozi huonyesha sukari ya juu isiyokuwepo, na matone ya mvua huharibu kipimo.

Mwenye selimundu aepuke mbio za kulowa, kwa kuwa baridi na uchovu huweza kuamsha maumivu makali. Mwenye homa asikimbie kabisa. Apimwe malaria kwanza. Na mtu yeyote asimeze diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ndefu, kwani dawa hizo huweza kudhuru figo za mwili uliochoka.

Mkimbiaji aliyezidiwa katika zahanati

Analetwa kijana aliyelowa. Anayumba, anatamka maneno yasiyoeleweka, anamkasirikia anayemsaidia. Walio nje wanasema amelewa. Hali tatu humfanya mkimbiaji afanane na mlevi: sukari kushuka, joto la mwili kushuka, na sodiamu kushuka katika damu. Kwa macho hazitofautiki, na tiba ya moja yaweza kuwa madhara kwa nyingine. Kwa sababu hiyo vipimo vitangulie.

Kwanza, sukari ya damu ipimwe papo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/l na mgonjwa anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari (vijiko vinne vya chai katika maji) na apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Apewe glukosi gramu 25 kwa mshipa, yaani mililita 250 za myeyusho wa asilimia 10.

Pili, joto lipimwe, na kipimo cha njia ya haja kubwa ndicho cha kuaminika. Chini ya nyuzijoto 35, nguo zote zilizolowa ziondolewe, akaushwe, afunikwe mwili na kichwa, na apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama fahamu zake ni timamu. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asilazimishwe kutembea.

Tatu, ikiwa sukari na joto ni vya kawaida, iulizwe alikunywa maji kiasi gani. Utafiti uliofanywa katika mbio za Boston za mwaka 2002 ulikuta kwamba kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi. Siku ya mvua, anayejilazimisha kunywa kama siku ya jua huingia katika kundi hilo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, kuvimba vidole na degedege. Mgonjwa huyu asinyweshwe maji wala kutundikiwa dripu ya dekstrozi ya asilimia 5. Apewe rufaa ya haraka, kwa upande huu wa mkoa Hospitali ya Maweni.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mkimbiaji anayetegemea kinywaji pekee hupungukiwa sukari siku ya mvua, ingawa hakusikia kiu?

2. Mgonjwa wa kisukari amekula asali, kisha amepima kidole bila kuosha na kupata 9 mmol/l, lakini anatetemeka na kuchanganyikiwa. Hatua ya kwanza ni ipi?

3. Katika zahanati yako, kifaa cha kupima sukari kiko wapi sasa hivi, na vibanzi vyake vinaisha muda lini?