Dawa za kutuliza wasiwasi: Ijue uliyoandikiwa

Msomaji, yamkini umewahi kumwona mtu, au wewe mwenyewe umekuwa mtu huyo, akiingia kliniki ya mtaani Kayole au Umoja akilalamika kwamba moyo unamdunda, kifua kimembana, viganja vinamtoka jasho na usiku hapati lepe la usingizi. Anapimwa malaria. Anapimwa homa ya matumbo. Anapimwa presha. Wakati mwingine hutibiwa homa ya matumbo asiyokuwa nayo. Akirudi mara ya tatu na malalamiko yale yale, anatiliwa tembe ndani ya bahasha ndogo na kuambiwa ameze moja kila usiku, zitamtuliza. Haambiwi tembe hizo zinaitwaje, wala ni siku gani ataacha kuzimeza.

Leo tuifungue bahasha hiyo. Kuna makundi kadhaa ya dawa ambayo madaktari wetu huwaandikia watu wenye wasiwasi, na matatizo mengi huanza pale mgonjwa anapodhani kuwa zote ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba ile inayotuliza haraka ndiyo usiyofaa kukaa nayo, na ile inayotibu hasa ndiyo ambayo wengi huitupa baada ya juma moja wakisema haifanyi kazi.

Kwanza tuelewane kuhusu wasiwasi wenyewe. Mtu anayehofia kodi ya nyumba mwisho wa mwezi, akisikia hatua za keateka kwenye ngazi, hana ugonjwa. Ana shida ya pesa. Daktari hufikiria ugonjwa pale hofu inapodumu miezi na miezi, inapokosa kiasi, na inapomzuia mtu kwenda kazini, kupanda matatu au hata kula. Wengine hushikwa ghafla na hofu kali ya dakika chache, wakaamini kwamba wanakufa kwa moyo. Kabla ya tembe yoyote, daktari mwangalifu huchunguza pia tezi la shingo, upungufu wa damu, na kuuliza swali ambalo vijana wengi wa Eastlands hawapendi kulijibu: je, unatafuna muguka? Miraa na muguka huharakisha moyo, hufukuza usingizi na huweza kuleta hofu ile ile inayotafutiwa dawa. Kuna wanaotafuna mchana kisha usiku wakatafuta tembe ya kuwalaza. Hao wanalipia ugonjwa na dawa siku moja.

Sasa tembe. Kundi maarufu zaidi ni lile la benzodiazepini. Mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche ndiye aliyegundua dawa ya kwanza ya kundi hili, Librium, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960. Valium ilifuata mwaka 1963. Wakati huo zilipokelewa kwa shangwe, kwa kuwa zilichukua mahali pa dawa za usingizi zilizowaua wengi waliozidisha dozi. Valium ndilo jina la kibiashara la diazepamu, tembe inayojulikana sana huku kwetu. Ndugu zake ni lorazepamu, bromazepamu iuzwayo kwa jina Lexotan, na alprazolamu iuzwayo kwa jina Xanax.

Zote hufanya kazi kwa njia moja: huipa nguvu kemikali ya ubongo ambayo kazi yake ni kupunguza kasi ya mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu katika muda wa saa moja hivi. Zinapotofautiana ni katika nguvu na muda wa kukaa mwilini. Ukimeza diazepamu, nusu yake huweza kuwamo mwilini hata baada ya siku moja au mbili, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayodumu hata zaidi. Kwa mzee wa miaka 70 hujilimbikiza, akaamka amelewa usingizi na kuanguka bafuni. Lorazepamu na bromazepamu hukaa muda wa wastani. Alprazolamu huondoka upesi, nusu yake ikiwa imekwisha kwa takriban saa 11, na kuondoka upesi huko ndiko kunakomfanya mtu aitamani tena kabla siku haijaisha.

Usilinganishe tembe kwa nambari zilizoandikwa juu yake. Nusu miligramu ya alprazolamu hukaribia nguvu ya miligramu 5 hadi 10 za diazepamu. Jirani anayekuambia "yangu ni ndogo, jaribu tu" hajui anachokupa. Rangi pia si kigezo, kwa sababu kila kiwanda kina rangi yake.

Tatizo kubwa la kundi hili ni kwamba mwili huzoea. Tuchukue mfano wa mama anayeuza mitumba Gikomba, aliyeandikiwa diazepamu ya juma moja baada ya msiba, kisha akaendelea kuinunua mwenyewe kwa miaka miwili. Siku moja bintiye anazitupa tembe zote chooni kwa nia njema. Baada ya siku chache mama anatetemeka, halali, moyo unamwenda mbio kuliko ulivyokuwa kabla ya kuanza dawa. Jamaa wanasema ugonjwa umerudi. Sivyo, ni mwili unaodai ulichozoea, na hali hiyo huweza kufikia mtu kuanguka na kutupa mikono na miguu kama mwenye kifafa, hata kufa. Aliyetumia dawa hizi kwa muda mrefu hatakiwi kuziacha kwa siku moja. Daktari humpunguzia dozi kidogo kidogo, kwa majuma au miezi.

Hatari ya pili ni kuchanganya. Diazepamu pamoja na chang'aa, bia, au dawa za maumivu kama tramadoli na mofini, huweza kupunguza pumzi hadi mtu asiamke. Wezi wa vilabuni wanalijua jambo hili. Zile tembe za "mchele" wanazowatilia watu kwenye vinywaji aghalabu ni za ukoo huu huu. Dereva wa matatu na fundi wa jua kali anayeshika mashine ya kukata chuma wasiende kazini wakiwa wamezimeza.

Kwa sababu hizo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba benzodiazepini zisitumiwe kutibu ugonjwa wa wasiwasi wa kudumu. Zinaweza kutumika kwa dharura ya hofu kali, tena kwa siku 3 hadi 7 tu. Linganisha na bahasha yako: je, ina siku ngapi?

Kundi la pili ndilo ambalo mwongozo huo unalipendekeza: fluoksetini, inayojulikana kwa jina Prozac, sertralini na esitalopramu. Hizi huitwa dawa za kuondoa huzuni, na jina hilo humfanya mgonjwa aje juu: "Mimi sina huzuni, nina wasiwasi!" Jina lisikutishe, hutibu yote mawili. Shida yake ni kwamba haziharakishi. Huchukua majuma mawili hadi sita kabla nafuu haijaonekana, na katika siku za kwanza huweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, hata kuuzidisha wasiwasi kidogo. Hapo ndipo wengi huacha na kurudi kwenye Valium. Daktari anayemtayarisha mgonjwa kwa majuma hayo mawili magumu humsaidia kuliko anayemwandikia tu.

Hazimfanyi mtu azitamani kama alprazolamu, lakini nazo haziachwi ghafla. Huweza kupunguza hamu ya ndoa, jambo ambalo wanaume wengi huona haya kulitaja, wakaacha dawa kimyakimya. Litaje, dozi inaweza kubadilishwa. Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu mwanzoni, kwa maana baadhi yao hupatwa na mawazo ya kujidhuru.

Amitriptilini ni ya zamani zaidi na bei yake ni nafuu, na pengine ndiyo utakayoipata katika hospitali ya umma. Huleta usingizi na hupunguza maumivu ya mishipa. Lakini hukausha kinywa, hufunga choo, na ikimezwa nyingi kwa pamoja huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Katika nyumba yenye watoto, au yenye mtu aliyekata tamaa, tembe hizi zifungiwe.

Propranololi, au Inderal, ni dawa ya moyo na presha. Haigusi hofu yenyewe. Huzuia mikono kutetemeka na moyo kudunda, ndiyo sababu hufaa kwa anayeogopa kusimama mbele ya watu. Mwenye pumu asiiguse, kwani huweza kuibana mirija ya pumzi. Ama Piriton, ambayo wengi huimeza ili walale, hiyo ni dawa ya mzio na mafua. Haitibu wasiwasi hata kidogo.

Anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu amwambie daktari bila kuficha. Baadhi ya dawa za virusi huikwamisha alprazolamu mwilini, ilhali rifampisini ya kifua kikuu huiondoa diazepamu upesi. Mja mzito naye aseme mapema.

Na uende wapi? Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika, ilianzishwa mwaka 1910, na kwa muda mrefu jina lake limetumiwa mitaani kama tusi. Ndiyo maana mtu wa Dandora yuko radhi kununua tembe dirishani mwa duka la dawa kwa miaka mitatu kuliko kuonekana akishuka kituo hicho. Si lazima uanzie huko. Anzia zahanati ya karibu au hospitali ya Mama Lucy Kibaki, ueleze shida yako kwa jina lake, wasiwasi, na wala si "homa tu", kisha uombe pia kuonana na mshauri. Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa ni tiba kamili, na wengine hupona kwayo bila tembe.

Ukiandikiwa dawa, uliza imo katika kundi gani kati ya haya, utaimeza kwa siku ngapi, na utaiacha vipi. Na kama tayari unayo bahasha isiyo na jina nyumbani, usiitupe na usiigawe. Ipeleke kwa daktari kama ilivyo, na umwambie kweli umeimeza kwa muda gani.