SOMO LETU: KIFURUSHI HAKIJAFIKA, TUFANYE NINI?



Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana. Siku hizi tuna simu. Habari ya msiba au harusi hatuingojei kwa barua tena. Pesa nazo tunatumiana kwa simu. Lakini simu haiwezi kubeba miwani. Haiwezi kubeba kitabu wala nguo ya mtoto. Vitu hivyo lazima visafiri, na kinachosafiri kinaweza kuchelewa au kupotea. Somo letu la leo ni juu ya kifurushi kinachopita posta. Tunaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, kundi la kisomo la kijiji kimoja cha Mkoa wa Mwanza.

Miwani ya mama

Katika kundi letu yuko mama mmoja ambaye ndiye msomaji wetu. Tukikaa chini ya mwembe, yeye husoma gazeti kwa sauti, sisi tunasikiliza na kujadili. Basi macho yake yakaanza kukataa herufi ndogo. Alipimwa hospitali, akaandikiwa miwani. Mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam akaitengenezesha huko, akaituma kwa posta. Akapiga simu: "Mama, nimetuma leo. Baada ya wiki nenda mjini ukachukue."

Wiki ikapita. Mama akapanda gari. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000, na hiyo si pesa ndogo kwa mkulima. Akafika dirishani katika ofisi ya posta, ambayo hatutaitaja jina.

"Shikamoo mama," kijana wa dirishani akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nimefuata mzigo wangu."

"Una kikaratasi cha taarifa?"

"Sina. Mwanangu kanipigia simu tu."

"Basi haujafika, mama. Njoo wiki ijayo."

Kijana hakuinuka kitini. Hakutazama rafu, hakufungua daftari. Wiki ya pili mama akaenda tena, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu alikuta dirisha limefungwa, ati mhusika katoka. Shilingi 18,000 zimekwisha kwa nauli, na miwani hakuna.

Mama akaacha kuja kisomoni. Tulipomfuata nyumbani alituambia: "Nije kufanya nini? Nikae na gazeti mkononi kama picha?"

Tulikasirika sana. Wengine walisema tusitumie posta tena maisha. Wengine walitaka twende wote mjini tukagombane. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza: "Je, kuna mtu aliyeandika?" Tukanyamaza. Tuko watu wazima 14, wote tumefuzu kusoma na kuandika. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Kwa muda wote huo tulilalamika kwa mdomo, na maneno ya mdomo yaliishia pale pale dirishani.

Barua tuliyoandika

Kwanza tulimpigia simu kijana wa Dar es Salaam. Bahati njema alikuwa ameitunza risiti. Akatusomea namba, nasi tukaiandika kwenye daftari. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari huisha bila habari.

Kisha tuliandika hivi. Nawe waweza kuufuata mfano huu:

Jina kamili na anwani yako,
Namba ya simu,
Tarehe.

Kwa Meneja,
Ofisi ya Posta (taja mahali).

YAH: KIFURUSHI NAMBA (andika namba ya risiti)

Ndugu Meneja,
Kifurushi kilichotajwa hapo juu kilitumwa kutoka (mahali) tarehe (andika tarehe). Mtumaji ni (jina). Mpokeaji ni mimi. Ndani yake mna miwani ya kusomea.
Nimefika ofisini kwako mara tatu, tarehe (zitaje zote). Kila mara sikupata kifurushi.
Naomba utafute kifurushi hiki na unijibu kwa maandishi kimefika wapi.
Naambatanisha nakala ya risiti.
Wako,
(Saini na jina)

Tazama barua hii vizuri. Haina matusi. Haisemi "nyie wote wezi". Inataja namba, tarehe na jambo linaloombwa, basi. Tuliiandika nakala mbili. Moja tuliiacha ofisini, ya pili tuliomba igongwe mhuri wa kupokelewa, tukarudi nayo. Mhuri ule ni ushahidi. Hakuna wa kusema barua yako haikufika.

Kosa lilikuwa wapi?

Baada ya siku 12 tulijibiwa. Kifurushi kilikuwa kimefika siku ya nane tu baada ya kutumwa! Kikaratasi cha taarifa kiliwekwa katika sanduku la shule ya msingi, maana kijiji chetu hutumia sanduku hilo. Tukaenda shuleni. Kumbe kikaratasi kimo katikati ya barua za shule, juu ya kabati. Hakuna aliyepewa kazi ya kugawa barua za wanakijiji.

Tena, mwanawe alikuwa ameandika jina ambalo sote tunamwitia mama, yaani "Mama Fulani", kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kitambulisho chake kina jina jingine kabisa. Namba ya simu ya mama haikuandikwa.

Kwa hiyo kosa lilikuwa la pande mbili. Mtumishi wa dirishani alikosa, kwa sababu mteja akiuliza ni wajibu kutazama, siyo kujibu kutoka kitini. Sisi nasi tulikosa katika jina, katika simu na katika sanduku. Tukidai haki yetu, tusifiche kosa letu.

Kifurushi husafiri vipi?

Ni vizuri tujue njia, ili tujue pa kuuliza.

1. Mtumaji hupeleka kifurushi posta. Hupimwa uzito, hulipiwa, na mtumaji hupewa risiti yenye namba.

2. Kifurushi hutiwa katika mfuko pamoja na vingine, huchambuliwa kwa kufuata mahali kinapokwenda, kisha husafirishwa.

3. Kikifika ofisi ya mwisho, taarifa hutolewa kwa mpokeaji.

4. Mpokeaji huenda na kitambulisho, hutia saini, huchukua mzigo wake.

Kisipochukuliwa hakikai pale milele. Muda ukipita hurudishwa kwa mtumaji.

Mizigo inayovuka mipaka ya nchi ina namba za mtindo mmoja dunia nzima: herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi ulikotoka. Namba inayoishia na TZ imetoka Tanzania, KE Kenya, UG Uganda. Ikianza na R ni rejista, ikianza na C ni kifurushi, ikianza na E ni EMS, yaani ile huduma ya haraka. Kwa mzigo wa rejista au kifurushi kilichotoka nje ya nchi, madai hupokelewa ndani ya miezi 6 tangu kutumwa. Ukikaa kimya mwaka mzima, umejinyima mwenyewe.

Mambo ya kufanya kabla ya kutuma

Andika jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho. Andika namba yake ya simu. Andika sanduku la posta kwa namba sahihi, na uhakikishe limelipiwa. Siku hizi kuna pia postikodi, namba ya tarakimu 5 inayoonyesha kata. Kwa Mkoa wa Mwanza huanza na 33. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Kama nyumba yako ina namba, ijue na uiandike.

Fungasha vizuri. Kitu cha kuvunjika kitiwe ndani ya boksi gumu, kizungushiwe matambara au magazeti ya zamani, kisitikisike. Usitie noti za pesa katika barua ya kawaida. Usitume petroli, kiberiti, wala kitu kingine cha kuwaka.

Mwisho, tunza risiti mpaka mpokeaji aseme, "Nimepata."

Wapo wanaotuma mizigo kwa mabasi. Huko nako usimpe kondakta mzigo hivi hivi bila maandishi. Dai risiti. Wanaosafirisha vifurushi kwa malipo wanatakiwa wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA.

Usipojibiwa

Shirika la Posta Tanzania lilianza kazi mwaka 1994 kwa sheria ya mwaka 1993. Ni shirika la umma, yaani ni letu. Lalamiko lako lianzie ofisi inayohusika. Usiporidhika, panda juu kwa meneja wa mkoa. Usiporidhika bado, peleka malalamiko TCRA, pamoja na nakala za barua zako zote. Ndiyo maana tunasema andika nakala mbili.

Mwisho wa habari ya mama

Mama alikwenda mjini mara ya nne, barua ya majibu mkononi. Kijana alikuwa yule yule. Safari hii aliinuka. Alikwenda kwenye rafu ya vifurushi vinavyosubiri kurudishwa, akarudi na kiboksi kidogo. Akasema, "Nisamehe, mama." Mama akamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu. Ila akija mwingine, inuka."

Kioo kimoja kilikuwa na ufa, kwa sababu miwani ilifungwa kwa karatasi tu. Mama anasoma nayo hivyo hivyo mpaka tupate kingine. Gazeti hili atalisoma yeye, chini ya mwembe.

Nasi tumefanya mkutano na mwalimu mkuu. Sasa kila Ijumaa mwenzetu mmoja hupita shuleni kuchukua barua za wanakijiji, huziandika katika daftari, na anayechukua hutia saini. Daftari lenyewe limetugharimu shilingi 1,000. Linganisha na nauli zile.

Maswali ya kujadili katika kundi lenu

1. Barua za kijiji chenu hufikia sanduku gani? Nani huzichukua, na huziandika wapi?

2. Kwa nini mama alikwenda mara tatu bila kupata mzigo? Taja kosa la posta na kosa letu.

3. Kila mtu aandike anwani yake kamili, kwa jina la kitambulisho. Kisha mbadilishane na kusahihishana.

4. Andikeni pamoja barua ya kudai kifurushi ambacho hakijafika. Mtaandika nini kwenye YAH?