Nepi za Kitambaa: Lipia Kifuniko, Usilipie Kitambaa

Duka la mtaani huuza pampasi hata moja moja, na hapo ndipo mzazi anapopoteza hesabu. Tuseme moja ni shilingi 500 na mtoto anamaliza sita kwa siku. Hizo ni 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi, na anapofikisha mwaka zimeshatoka zaidi ya milioni moja. Nayo ni hesabu ya huruma, maana kichanga wa wiki za mwanzo hubadilishwa hata mara 10 au 12 kwa siku.

Anayeamua kurudi kwenye nepi za kufua huonyeshwa kwanza zile za kisasa: zina vishikizo, zina picha za twiga, na ndani zimeshonewa tabaka nne au tano za kitambaa kinene. Zinamfaa mwenye mashine ya kufulia na ya kukaushia. Kwa anayefua kwa mkono na kuanika kambani, iliyo bora ndiyo iliyo rahisi kuliko zote: kipande cha mraba cha pamba, winda lile lile la bibi zetu. Likikunjuliwa linabaki tabaka moja tu, kwa hiyo sabuni inapenya, uchafu unatoka, na siku ya jua linakauka kwa saa chache. Ile ya tabaka tano hukauka juu ikabaki mbichi katikati, na harufu ya mkojo isiyoisha huanzia hapo. Pesa yako iende kwenye kifuniko kinachovaliwa juu ya winda.

Kitambaa chenyewe huenda unacho kabatini. Kanga iliyofuliwa hadi ikalainika hunywa maji kuliko mpya yenye kanji. Upande mmoja wa kanga wenye sentimita 150 kwa 100 hutoa vipande sita vya sentimita 50 kwa 50, yaani 12 kwa doti. Kwa kuwa kanga ni nyepesi, vivalishe viwili viwili, uvitenganishe wakati wa kufua. Mtoto akikua, kata vikubwa vya karibu sentimita 70 kila upande. Shuka kuukuu, bafta na flana zilizochoka zinafaa pia, mradi ni pamba. Siku hizi kanga na vitenge vingi ni poliesta, na si rahisi kuvitambua kwa macho. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huacha majivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, wa poliesta huyeyuka ukaganda kama shanga ngumu. Pamba mpya ifue mara tatu au nne kabla ya kuitumia, iache kanji. Kwa anayefua kila siku, nepi 15 hadi 20 zinatosha. Masika yakiingia, ongeza chache.

Sasa kifuniko. Chupi ya plastiki ya bei ya chini hupasuka upesi na kumtotesha mtoto kwa jasho. Tafuta cha kitambaa chenye utando usiopitisha maji, mpira laini mapajani, na vishikizo vya kukipanua mtoto anaponenepa. Vitatu au vinne vinatosha, kwa sababu kisipoguswa na kinyesi kinapanguswa, kinapigwa upepo na kuvaliwa tena. Mitumba huwa navyo, ila kigeuze kabla ya kulipa: utando uliobanduka au unaokwaruza kama karatasi kavu umekwisha, na mpira ukiuvuta usiporudi, fundi atahitaji kuubadilisha. Kifuniko hakichemshwi wala hakipigwi pasi.

Ukunjaji ni wa pembetatu, na unene wa ziada uuweke mbele kwa mvulana, katikati kwa msichana. Kichanga ambaye kitovu hakijadondoka, nepi ifungwe chini ya kitovu. Unapochoma pini, vidole vyako viwe kati ya pini na ngozi ya mtoto. Pini ikigoma, ichome kwenye kipande cha sabuni kwanza, itapita. Usibane miguu ikanyooka. Nyonga za kichanga zinataka mapaja yaliyotanuka na magoti yaliyokunjwa, kama anavyokaa ndani ya mbeleko.

Kwenye kufua ndipo watu wengi hukata tamaa. Kinyesi hata cha anayenyonya tu kina vijidudu kama cha mtu mzima, kwa hiyo kikwangue na maji ya kwanza uyamwage chooni, si uani wanapocheza watoto. Nepi ya mkojo isuuze mapema. Kisha fua kwa sabuni na maji ya moto, suuza mara mbili. Maji ya mwisho yanatunzwa kwa kulowekea za kesho. Kwa mwendo huo ndoo nne hutosha kwa siku. Zikinunuliwa kwa shilingi 200 kila moja ni 800, ukiongeza sabuni bado uko mbali na ile 3,000. Lakini mikono inayofua nayo inachoka, na baba mwenye mikono miwili hahitaji mafunzo.

Pwani, ambako maji mengi ya kisima yana chumvi, sabuni ya mche huacha utando unaoifanya nepi kuwa ngumu na kukataa maji. Tumia sabuni ya unga, na mara moja moja chemsha vitambaa kwa maji ya mvua bila sabuni yoyote. Dawa ya kulainisha nguo iache kabisa, kwani nayo huzuia nepi isinywe. Jiki usiimimine kamwe kwenye nepi yenye mkojo: vikichanganyika hutoa hewa inayodhuru macho na mapafu.

Anika juani, juu kambani, si kwenye majani wala kivulini. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na buu wake huingia ngozini na kufanya jipu. Nepi iliyokaukia ndani kwa sababu ya mvua ipige pasi ya moto pande zote mbili, hadi kwenye pindo.

Usiku, safarini au siku ya kliniki, pampasi moja haiharibu mpango. Iliyotumika isitupwe kwenye choo cha shimo. Haiozi, na shimo hujaa kabla ya wakati.

Kitambaa huloa na kuonekana, kwa hiyo badilisha kila baada ya saa mbili au tatu, na kinyesi papo hapo. Wekundu mdogo hupona kwa maji safi, kumwacha wazi kidogo na mafuta mepesi ya kukinga. Mafuta mazito huziba kitambaa, hivyo tandika kipande chembamba juu yake. Wekundu mkali kwenye mikunjo ya mapaja, wenye vipele vidogo pembeni, mara nyingi ni fangasi: mpeleke kliniki na uchemshe nepi zote. Na mtoto aliyepita wiki ya kwanza akilowesha chini ya nepi sita kwa saa 24, mpeleke akaangaliwe siku hiyo hiyo, huenda maziwa hayamtoshi.