Kompyuta ya Zamani Ikigoma Kuwaka: Vidokezo Kabla Hujaipeleka kwa Fundi

Umebonyeza kitufe, feni imevuma, kisha badala ya Windows yanatokea maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Kazi ya shule ya mtoto na hesabu za duka zimo humo humo. Wengi hapo huzima na kuwasha, huzima na kuwasha, wakitumaini itajirudi. Wengine huibeba moja kwa moja hadi kwa fundi, na jibu linalowasubiri mara nyingi ni hili: “Tupige Windows upya.”

Subiri kwanza. Kompyuta za mezani tulizonunua zikiwa zimeshatumika ng'ambo, na zile zilizokaa nyumbani miaka kumi, hugoma kwa sababu chache zinazojulikana. Kadhaa kati ya hizo utazimaliza mwenyewe kwa bisibisi moja.

Ukiwasha mashine, Windows haihusiki papo hapo. Kwanza huamka programu ndogo iliyokaa kwenye mazabodi, yaani BIOS. Hiyo hukagua rami, kibodi na kadi ya picha, husoma mipangilio iliyohifadhiwa, hutafuta diski, ndipo hukabidhi kazi ili Windows ipakiwe. Kila hatua ina malalamiko yake, na ujumbe ulio mbele yako unakutajia hatua iliyokwama.

1. Piga picha ya kioo kabla hujagusa kitu

Chukua simu, piga picha ya ujumbe wote, hata kama Kiingereza chake kinakupiga chenga. Tafuta neno moja tu: “CMOS” ni habari ya betri, “keyboard” ni kibodi, “memory” ni rami, “disk” au “boot device” ni diski. Maandishi yakipita mbio, bonyeza kitufe cha Pause. Kwenye mashine nyingi za zamani yatasimama hapo hapo hadi ubonyeze kitufe kingine. Fundi ukimtumia picha hiyo atakusaidia vizuri kuliko ukimwambia “imekataa tu.”

2. Chomoa kila kilichochomekwa

Flashi, CD, kadi ya kamera, printa, simu iliyokuwa inachaji: toa vyote, bakiza kioo, kibodi na kipanya, kisha washa tena. BIOS hukagua vifaa kwa foleni. Kama flashi imepangwa mbele ya diski, itatafuta Windows humo, iikose, isimame. Ujumbe wake huwa “Non-system disk or disk error” au “Disk boot failure, insert system disk and press Enter.” Modemu za intaneti za USB nazo ziangalie, maana nyingi hujitambulisha kama CD kwa sababu zimebeba programu zao ndani.

3. Tazama saa

Kama ujumbe unasema “CMOS checksum error” au “CMOS battery low”, halafu unakuomba ubonyeze F1, bonyeza F1. Mara nyingi Windows itakuja. Sasa angalia tarehe kwenye kona ya chini. Ikionyesha mwaka wa nyuma sana, tuseme 2009, betri ndogo ya mazabodi imekufa. Kazi yake ni kuifanya saa itembee na mipangilio isipotee wakati mashine haina umeme.

Kwetu betri hii huchoka mapema, na sababu ni ya kueleweka kabisa. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa kwenye soketi yenye umeme, hata ikiwa imezimwa, saa yake hula umeme wa ukutani na betri inapumzika. Lakini nyumba nyingi huzima swichi ya ukutani kila usiku, na wanafanya vema, kwa sababu radi na umeme unaorudi kwa kishindo huunguza vyombo. Usiku kucha betri inafanya kazi peke yake. Usiache kuzima, jua tu kwamba betri utaibadilisha kila baada ya miaka michache.

Inaitwa CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Mafundi saa wanayo, maduka ya vifaa vya umeme yanayo. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kingine chochote, ili umeme tuli wa mwilini usirukie vipande vya ndani. Betri utaiona imelala kwenye kikombe chake kama sarafu, alama ya + ikiwa juu. Sukuma kibanio cha pembeni kwa ncha ya bisibisi, itajiinua yenyewe. Weka mpya, + juu vilevile, ibonyeze hadi usikie imekaa.

Ile ya zamani usiiache mezani hata dakika moja kama nyumba ina watoto. Mtoto akimeza betri ya aina hii inaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba ameimeza, ni hospitali, papo hapo.

Ukishafunga, washa na uingie BIOS. Dell nyingi huingia kwa F2, HP za mezani za zamani kwa F10, Lenovo ThinkCentre kwa F1, na nyingi nyingine kwa Delete. Gonga kitufe hicho mfululizo mara tu mashine inapoamka. Weka tarehe na saa sahihi, hifadhi, toka. Usiidharau tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta inayoamini tuko 2009 huona cheti cha leo hakijaanza hata kutumika. Ndipo tovuti ya benki na barua pepe zinapogoma kwa “Your connection is not private.” Watu hununua bando jingine na modemu nyingine kwa shida ambayo ni ya saa.

4. Betri mpya, kisha kioo cha bluu: diski yako ni nzima

Hapa ndipo mafaili ya watu hufutwa bure, kwa hiyo nitakaa kidogo. Betri ikifa, BIOS husahau mipangilio na kurudi kwenye ile ya kiwandani. Kati ya mipangilio hiyo kuna mmoja unaoamua namna mazabodi inavyozungumza na diski. Huandikwa “SATA Mode” au “SATA Operation”, na chaguo zake huwa IDE, AHCI na RAID. Kama Windows iliwekwa wakati mpangilio ni AHCI, na sasa BIOS imerudi kwenye RAID au IDE, utaona nembo ya Windows ikianza, halafu kioo cha bluu, halafu mashine inajizima na kujiwasha. Windows 7 huandika 0x0000007B. Windows 10 huandika “INACCESSIBLE BOOT DEVICE.”

Anayekutana na hali hiyo kwa mara ya kwanza husema diski imekufa. Ingia BIOS, andika mpangilio uliopo sasa, badilisha uwe mwingine, hifadhi, jaribu. Ukikataa, jaribu wa tatu. Kwa mashine ya nyumbani yenye diski moja hujaharibu kitu kwa kujaribu.

Na ikiwa kompyuta yako inawaka vizuri leo, fanya jambo moja jioni hii: ingia BIOS, piga picha kila ukurasa kwa simu, uzihifadhi. Siku betri ikifa utakuwa na pa kurejea.

5. “Keyboard error or no keyboard present”

Kibodi za plagi ya duara huingia kwenye tundu la zambarau, kipanya kwenye la kijani. Zima mashine kwanza ndipo uchomeke, maana plagi hizi hazikuundwa kuchomekwa mashine ikiwa hai. Ya USB ihamishie kwenye tundu la nyuma. Angalia pia kama kuna kitufe kilichonasa au kitabu kilicholalia kibodi.

6. Kioo cheusi na milio

Kama hakuna maandishi yoyote ila mashine inalia “pii, pii”, sikiliza na uandike: milio mingapi, mirefu au mifupi. Maana ya milio hutofautiana kulingana na mtengenezaji wa BIOS, kwa hiyo tafuta maelezo ya modeli yako hasa. Ila kwa mashine iliyozeeka, wa kwanza kushukiwa ni rami, hasa pwani, ambako unyevu na chumvi ya hewani hula miguu ya shaba.

Chomoa umeme, fungua vibanio viwili vya pembeni, toa rami. Sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, pande zote mbili, kisha futa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu. Irudishe kwa kuibonyeza kwa nguvu ya kadiri hadi vibanio vijifunge vyenyewe. Zikiwa mbili, washa na moja moja, kwa zamu, uone ipi inayoleta shida.

7. Je, BIOS inaiona diski?

“NTLDR is missing” ni lugha ya Windows XP. “BOOTMGR is missing” ni ya Windows 7 na zilizofuata. “Operating system not found” na “No boot device” zinaweza kutoka popote. Kabla ya lolote, ingia BIOS utafute orodha ya diski. Jina la diski likiwepo, angalia foleni ya kuanzia na uipandishe diski iwe ya kwanza. Jina lisipokuwepo, zima, chomoa umeme, fungua, na uchomoe kisha uchomeke upya waya zote mbili za diski: mwembamba wa data na mpana wa umeme. Waya wa data ni wa bei ndogo na huchoka. Badilisha kabla ya kuilaumu diski.

Kisha weka sikio karibu. Diski inayogonga “ka, ka, ka” kwa mpangilio inakufa. Usiendelee kuiwasha, maana kila unapoiwasha unapunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo.

8. Mafaili kwanza, Windows baadaye

Windows itapatikana tena wakati wowote. Picha za harusi na vitabu vya mahesabu havipatikani. Kama diski inaonekana na haigongi, omba kompyuta ya jirani, pakua Linux Mint bila malipo, iweke kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus; kilichokuwa kwenye flashi hiyo kitafutika. Washa mashine yako kupitia flashi: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 au Esc kwa HP. Linux itafunguka bila kugusa diski yako mradi hujabonyeza kitufe cha kuisakinisha. Fungua diski, nakili mafaili kwenye diski ya nje. Chukua “Desktop”, “Documents”, “Pictures” na pia “Downloads”, ambayo husahaulika sana.

Baada ya hapo ndipo ujaribu kutibu. Windows 7: gonga F8 mashine inapoanza, chagua “Repair Your Computer”, kisha “Startup Repair.” Windows 10 hujipeleka kwenye ukarabati yenyewe baada ya kushindwa kuanza mara kadhaa mfululizo. Amri ya chkdsk /r iache hadi mafaili yawe salama, kwa sababu inaisomesha diski nzima, na diski mgonjwa inaweza isimalize safari hiyo.

9. Haiwaki hata kidogo

Jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Kama mashine ni mtumba iliyoingia karibuni, zunguka nyuma: pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, kwa hiyo lazima isomeke 230 kabla hujachomeka. Ikiwa kwenye 115, pawasaplai italipuka kwa mshindo na moshi.

Ndani, chunguza vile vikopo vidogo vya duara vilivyosimama kwenye mazabodi. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Vilivyovimba au vyenye ukoko wa kahawia juu vimekufa. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliugua sana ugonjwa huu. Fundi mzuri wa redio anaweza kuvibadilisha. Kasha la pawasaplai lenyewe usilifungue kamwe, linatunza umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

10. Ukienda kwa fundi, nenda na maneno haya

Mwonyeshe picha ya kioo. Mwambie saa ilikuwa inaonyesha mwaka gani, milio ilikuwa mingapi, na kama BIOS inaiona diski. Kisha sema waziwazi, na ikibidi muandikiane: “Usifute kitu, usipige Windows bila kuniuliza.” Kama shida ni pawasaplai au rami, toa diski yako uiache nyumbani, hayo mawili anaweza kuyapima bila diski. Na akikushauri ununue SSD, msikilize vizuri. Kwa mashine ya zamani yenye mazabodi nzima, hakuna kifaa kingine kinachoifufua kwa kiasi hicho, na diski ya awali ukiifunga kwenye kasha la USB itabaki kuwa ghala la mafaili uliyoyaokoa.