Kifua cha Kujifunzia

Siku moja nilipokuwa nikifundisha habari za mapafu, mwanafunzi aliniuliza: "Mwalimu, daktari hujifunzaje kutoboa kifua? Yule mgonjwa wake wa kwanza hupatwa na nini?" Swali hilo ni jema, nami nalijibu hapa ili wazazi nao wasome.

Pafu limefunikwa na ngozi mbili nyembamba zilizokaribiana. Hewa au damu ikiingia katikati yake, kama baada ya ajali ya gari, pafu husinyaa na mgonjwa hukosa pumzi. Hapo daktari hupitisha mrija kati ya mbavu. Ncha ya nje huzamishwa katika maji ndani ya chupa; hewa hutoka kwa mapovu, wala haiwezi kurudi.

Kazi hii yaonekana nyepesi, kumbe ina hatari. Papasa mbavu zako. Chini ya kila ubavu hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Kwa hiyo mrija hupitishwa kwenye ukingo wa juu wa ubavu. Tena mahali pake ni ubavuni, chini kidogo ya kwapa. Ukishuka mno, waweza kutoboa ini au wengu.

Huko Uingereza, mwaka 2008, idara iliyoangalia usalama wa wagonjwa ilitoa taarifa ya vifo 12 na majeraha mabaya 15 yaliyohusiana na mirija hiyo tangu 2005. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa kifua cha huko kikaagiza kwamba daktari afundishwe kwanza kwa maneno, kisha ajizoeze kwa mfano, ndipo amtibu mgonjwa akiwa na msimamizi.

Mfano huo ni sanamu ya mpira, au mbavu za mnyama kutoka buchani. Mwanafunzi hukata, hupanua njia kwa koleo, hutia kidole kuhakikisha, hutia mrija, kisha hushona. Akikosea, huanza tena, na hapana aliyeumia.

Lakini sanamu haitoki damu, haikohoi, wala haiogopi. Ndiyo sababu msimamizi hana budi kuwapo siku ile ya kwanza.

Basi, kijana wangu, jibu ni hili: mgonjwa wa kwanza asiwe wa kwanza kutobolewa na mkono ule. Makosa yake yawe yamekwisha kufanyika kwenye sanamu.