Jalidi Bondeni: Tukinge Mazao ya Vinyungu

Leo tuzungumze habari za adui asiye na miguu wala meno. Huja usiku, kimya kimya, na asubuhi shamba limekuwa jeusi kama limepitiwa na moto. Adui huyo ni jalidi. Wakulima wa Njombe, Makete na Mufindi wanamjua vizuri. Wengine humwita barafu.

Ubaya wa jalidi ni wakati wake. Huja mwezi wa Juni, Julai na Agosti, na hiyo ndiyo miezi ya vinyungu. Mvua zimekwisha, mlimani kumekauka, macho yetu yote yapo bondeni penye unyevu. Humo ndimo tunamopata maharage mabichi, viazi, nyanya na mboga. Kidogo tunakula, kidogo tunauza tupate sabuni, chumvi na madaftari ya watoto. Kinyungu kikiungua usiku mmoja, chakula kimekwenda, fedha zimekwenda, na mbegu nayo imekwenda. Kwa hiyo yafaa tujifunze kumkinga adui huyu kabla hajafika.

JALIDI NI NINI?

Mchana ardhi hupata joto la jua. Usiku joto hilo hutoka ardhini likapanda juu na kupotea. Kama kuna mawingu, hayo huwa kama blanketi. Yanazuia joto lisipotee upesi. Lakini anga ikiwa wazi na upepo umetulia, ardhi na majani hupoa sana. Yakipoa mpaka nyuzi 0 za Selsiasi au chini zaidi, maji huganda. Ndipo asubuhi tunaona weupe juu ya majani kama mtu kanyunyiza chumvi.

Maji yaliyomo ndani ya jani nayo huganda. Barafu hiyo huharibu vijumba vidogo vidogo vinavyojenga jani. Jua likitoka barafu inayeyuka, jani linalegea kama limechemshwa, halafu linakuwa jeusi. Watu husema, "Jua la asubuhi limeunguza." Kumbe jani lilikwisha kuumia usiku.

KWA NINI BONDENI?

Kila tukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kitulo ni juu zaidi. Ndiyo maana huko kuna jalidi, na pwani hakuna.

Lakini katika kijiji kile kile, bondeni huungua na mlimani husalimika. Sababu ni hii: hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku huteremka polepole kama maji, ikajaa bondeni. Ikikuta ua mnene au kichaka kimeziba njia yake, hutuama hapo kama maji ya bwawa. Mimea iliyo hapo ndiyo huumia kwanza.

TUSOME DALILI

Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Basi dalili ya jalidi ni kukosa mawingu. Jioni tazama mambo haya:
Anga ni nyeupe, nyota zinang'aa sana.
Upepo umetulia, majani hayatikisiki.
Baridi imeanza kukaza kabla giza halijaingia.
Ukiona yote matatu katika miezi ya baridi, usilale bila kufunika miche yako.

Tena kuna jaribio rahisi. Weka sahani za bati zenye maji kidogo sehemu mbalimbali za shamba. Alfajiri zitazame. Palipo na barafu nene ndipo penye baridi kali. Pachomeke kijiti ili mwaka ujao upakumbuke.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tuchague mahali. Nyanya, maharage, viazi, maboga na hoho haviwezi kabisa jalidi. Vipandwe pembeni, pale bonde linapoanza kuinuka. Chini kabisa tupande kabichi, sukuma wiki, vitunguu au karoti. Hivi huvumilia zaidi. Njegere nazo huvumilia zikiwa changa, lakini maua yake huungua.

2. Tufungue njia. Kama ua umeziba upande wa chini wa shamba, kata sehemu yake ili hewa ya baridi ipite, iende zake.

3. Tumwagilie mchana. Udongo wenye unyevu hushika joto la jua kuliko udongo mkavu. Usiku joto hilo hutoka na kusaidia mmea. Basi siku yenye dalili tumwagilie mapema, jua lingali kali.

4. Tufunike miche. Jenga chanja ya fito juu ya kitalu, kisha tandika nyasi, magunia au mikeka. Funika kabla jua halijazama, joto la ardhini likiwa bado lipo. Kifuniko kisiguse majani, maana jani linaloguswa huweza kuganda. Asubuhi jua likipanda, funua. Miche ikikaa gizani mchana kutwa hurefuka ovyo na kuwa dhaifu.

5. Viazi vinavyoanza kuchipua tuvifukie. Vuta udongo wa tuta ufunike machipukizi. Udongo huo ni blanketi lisilonunuliwa.

VIPI MOSHI?

Wako wanaowasha moto wa majani mabichi ili moshi ufunike shamba. Sisi hatuwashauri. Moshi hauzuii joto kama mawingu yanavyozuia. Tena ni kiangazi, nyasi zimekauka. Cheche moja yaweza kuteketeza msitu, mashamba ya jirani na hata nyumba. Hapo tutakuwa tumemfukuza fisi tukamkaribisha simba.

JALIDI IKISHAPIGA

Usikimbilie kung'oa. Ngoja siku 7 hadi 10 uone.
Viazi huweza kuchipua tena kutoka ardhini.
Mahindi machanga yenye majani machache, kiini chake bado kiko chini ya udongo, nayo huweza kupona.
Lakini maharage yaliyokauka mpaka kwenye shina hayarudi. Ng'oa, panda kitu kingine.
Viazi vilivyoganda vikiwa juu ya udongo usivichanganye na vile vya kuweka ghalani. Vitaoza na kuozesha vingine.

Jambo la mwisho: usipande mbegu yote siku moja. Panda sehemu leo, sehemu baada ya wiki 2 au 3, na nyingine baridi ikishapungua. Jalidi ikichukua ya kwanza, ya pili na ya tatu ipo. Na katika kila kijiji wako wazee wanaojua bonde lipi huungua na lipi husalimika. Tuwaulize, tuandike katika daftari. Kusoma na kuandika tulikojifunza kutusaidie hata shambani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini usiku wenye mawingu jalidi ni nadra?
2. Katika kijiji chenu, ni sehemu zipi huungua kwanza? Kuna nini kinachozuia hewa ya baridi isipite?
3. Kifuniko cha kitalu kiwekwe saa ngapi, na kiondolewe saa ngapi? Kwa nini?
4. Tuseme mkulima ana miche 240 ya nyanya. Amefunika miche 180, iliyobaki imeungua yote. Imeungua miche mingapi? Kama kila mche ungempa nyanya za kujaza sado moja, amepoteza sado ngapi?