Asili ya Jina la Kariakoo

Wenzangu, siku Simba na Yanga zikutanapo, bweni letu huwa kambi mbili. Mchezo huo huitwa Dabi ya Kariakoo. Je, jina hilo lilitoka wapi?

Vita Kuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa wakijenga soko mahali hapo, Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji, wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakatamka Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili hiyo hiyo.

Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo vyakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi.

Baada ya vita pakawa soko. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936.

Basi tushangilie, lakini tukumbuke: jina tulitajalo kwa furaha ni la watu ambao wengi wao hawana hata kaburi lijulikanalo.